Ng'ombe ya Mama za Krismasi

Kabla ya mambo ya ng'ombe, kulikuwa na kitambaa. Naanza hapo kwa sababu kama kitambaa kingetushinda, hatungepata kiburi ya kununua ng'ombe.

Tulikuwa kikundi ya akina mama wa kanisa moja, huku kwetu kando ya barabara ya Rangwe. Kila Desemba ilikuwa inatukuta na aibu ile ile. Mtoto wa huku anaweza kuvumilia mwaka mzima na kaptula iliyotoboka matako, lakini Krismasi lazima avae nguo mpya aende kanisani, halafu arudi nyumbani akute nyama. Hivyo viwili tu. Hakuna mtoto wangu aliwahi kuniuliza Yesu alizaliwa wapi, lakini wote waliniuliza, "Mama, nguo yangu ni rangi gani?" Na huo mwezi ndio wenye maduka wanapandisha bei, na wenye bucha wananoa kisu mara mbili, mara moja ya ng'ombe, mara moja ya mnunuzi.

Walinichagua mwenyekiti kwa sababu nilikuwa nimemaliza ngumbaru, ile masomo ya jioni ya watu wazima, na nilikuwa nasoma mizani bila kudanganywa. Nikawaambia, kila mtu akienda kununulia mtoto wake peke yake, anatupa pesa. Tununue jora moja nzima huko Homa Bay mjini, mwezi wa nane, wakati hakuna mtu anafikiria Krismasi. Fundi mmoja atushonee wote.

Ikawa hivyo. Kitambaa ya bluu na madoadoa meupe. Wavulana mashati, wasichana marinda, na vipande vilivyobaki tukajifunga kichwani sisi mama. Siku yenyewe tulipoingia kanisani, mzee mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni akatoa kofia.

"Yawa, hii ni shule gani imefunguliwa na sikuambiwa?"

"Si shule," mwenzake akamjibu. "Ni mapazia ya nyumba ya mtu imeamua kuja kuomba."

Tulicheka mpaka wimbo wa kwanza ukatupita. Msichana wangu hakucheka. Alilia kwa sababu alifanana na kijana wa jirani mwenye alikuwa anamchukia. Lakini mwaka huo hakuna mama alikopa kwa sababu ya nguo. Kitu ilitushinda ni nyama. Kila mtu alinunua yake kwa bucha, robo, na nusu ya hiyo robo ni mfupa.

Kwa hivyo mwaka uliofuata nikasema ng'ombe.

Mimi nimezaliwa Suna, upande wa Migori, ndiyo maana huku nilikoolewa wananiita Nyar Suna, binti ya Suna. Najua soko za huko karibu na mpaka. Najua Wakuria wanafuga, na najua mwezi ambayo watoto wanadaiwa karo, mtu anauza ng'ombe yake hata kama roho inamuuma. Nikawaambia akina mama: tununue dume aliyekonda wakati kama huo, tumlishe hapa miezi kadhaa, tuchinje siku moja kabla ya Krismasi, tugawane. Ukinunua ng'ombe amekonda unalipia mifupa. Nyama inawekwa na nyasi, na nyasi ni ya Mungu, haina bei.

Mama mmoja muuza samaki, mwenye mdomo yake haikuwa na mlango, akaniuliza, "Na nani ataenda kununua? Wewe na leso yako uingie soko ya ng'ombe uanze kushika mkia?"

Alisema ukweli. Mwanamke haendi kununua dume huko. Anaweza kupeleka kuku, anaweza kupeleka mbuzi akiwa mjane. Dume inataka mwanaume aielekeze na fimbo, mwanaume aende kwa chifu achukue barua ya kupitisha mnyama, mwanaume atembee nayo barabarani mpaka nyumbani. Na ukimlipa mtu wa kuswaga, faida yote imeisha kwa miguu yake.

Hapo ndipo nyieka wangu akasema bwanake anarudi.

Nyieka ni mke mwenza, lakini kwetu sisi wake wa ndugu pia tunaitana hivyo. Bwanake na bwana yangu walikuwa watoto wa ndugu wawili. Dala yao, yaani mji wao, na yetu zilipakana, ua moja ya ojuok katikati, ile miti ya utomvu mweupe. Huyo bwanake alikuwa Masara miaka mingi, anachimba dhahabu kwa mashimo, anakuja nyumbani mara moja moja. Dhahabu yenyewe hatukuwahi kuiona, lakini habari zake tulikuwa tunapata. Sasa alikuwa ametuma ujumbe kwamba amechoka na mashimo, anarudi nyumbani. Masara na soko ya ng'ombe ni upande mmoja. Angekuja nayo bure.

Tulimshukuru Mungu, mimi nikaomba kwa sauti. Hapo ndipo tulikosea, na hakuna mtu aliona, kwa sababu kwa macho ya watu wetu haikuwa kosa. Barua ya chifu iliandikwa jina yake. Kamba ilikuwa kwa mkono wake. Ng'ombe ikapita kwa lango yake, ikafungwa bomani mwake. Ingefungwa wapi kwingine? Mwanamke hana lango.

Alifika jioni moja, jua bado iko juu kidogo. Tulikuwa tumejipanga kando ya njia kama watu wanangojea askofu. Tuliona ng'ombe kwanza, dume nyekundu, mbavu zote nje. Halafu tukamwona yeye nyuma yake, na hakuna mtu alipiga kigelegele. Shati ilikuwa inaning'inia kwa mabega kama imeanikwa. Nyieka wangu aliweka mkono kwa mdomo, kisha akautoa haraka ili asionekane.

Yeye mwenyewe ndiye alitusaidia. Alisimama, akakohoa, akafuta midomo, akasema, "Wake zangu wa Krismasi, mbona mmenyamaza? Mliniambia nilete aliyekonda. Sasa nimewaletea wawili, chagueni."

Tukacheka. Ilibidi.

"Shemeji," muuza samaki akamwambia, "wewe tukikuchinja tutapata supu tu."

"Na supu yenyewe bila chumvi," akajibu. "Chumvi yote nimeacha Masara."

Kazi ya kulisha akachukua yeye. Hakuwa na nguvu ya kulima, na hakutaka kulala ndani mchana kama mgonjwa. Kila asubuhi alitoka na hiyo dume pole pole mpaka kwenye nyasi ya chini karibu na mto, akakaa kwa jiwe, kamba mkononi. Ukipita kuchota maji ungemkuta anaongea nayo. Alikuwa anatoa kupe na vidole, moja moja, kama mama anamtoa mtoto chawa. Mimi nilikuwa napita hapo nikisema nimekuja kuangalia mali ya kikundi, na ni kweli, lakini nilikuwa naangalia na yeye. Mwezi ulipoisha niliona mbavu za ng'ombe zimeanza kufunikwa. Zake zilikuwa zinatokea. Mwezi mwingine, mgongo ya ng'ombe ikawa bapa, unaweza kuweka sahani na isianguke. Yeye sasa alikuwa anakaa jua inapokaa, akihama nayo.

Hakuna mtu alisema ugonjwa ni gani. Miaka hiyo huku hatukuwa tunasema. Wengine walisema chira, kwamba alivunja mwiko mahali. Wengine walisema ni vumbi ya mashimo. Kwa maombi ya jumatano tuliomba "kwa ajili ya ndugu yetu ambaye ni mgonjwa", na tukaongeza "na wengine wote", kwa sababu wengine walikuwa wengi. Kila jumamosi barabara ya Rangwe ilikuwa inapita gari imebeba sanduku juu, watu wanaimba.

Siku moja aliniambia, "Nyar Suna, hii ng'ombe yenu inanijua kuliko watoto wangu. Watoto niliwaacha wadogo. Hii nimekaa nayo."

"Utakula nyama yake, shemeji," nikasema.

"Mimi?" Akaangalia ile dume muda mrefu. "Mimi siwezi kula mtu nimeongea naye."

Hakufika Desemba. Alikufa mwisho wa Novemba, nyumbani kwake, mchana, nyieka wangu akiwa amemshikilia kikombe ya uji.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo kila mtu wa huku anajua. Mwanaume mwenye amefungua dala yake, mwenye ana lango yake na watoto, hazikwi kimya kama paka. Lazima ng'ombe iende mbele ya watu, na lazima ng'ombe ianguke ndio waombolezaji wale. Akizikwa bila hiyo, watu hawasemi familia ni maskini. Wanasema huyu hakuwa mtu. Watoto wake wanaitwa hivyo mpaka wanazeeka. Kanisa letu lilikuwa linahubiri tuache mambo ya kukimbiza ng'ombe na kuchinja, na mimi naamini mafundisho ya kanisa langu. Lakini hata mhubiri mwenyewe, matanga ikiisha, nilikuwa namwona amekaa mahali sahani inapita.

Kaka yake mkubwa alifika kutoka kazi ya mbali, mtu wa suti, hakuwa amekanyaga nyumbani miaka mingi. Alilia kwa sauti langoni, vile inafaa. Kisha akapangusa macho, akaona dume nyekundu bomani, inang'aa.

"Kumbe ndugu yangu alikuwa na mali," akasema.

Wanaume wa hapo walijua, maana nani hakujua? Lakini waliangalia chini. Hakuna mwanaume angesimama mbele ya maiti aseme ng'ombe iliyo bomani ni ya wanawake.

Nyieka wangu aliniita ndani. Alikuwa amekaa sakafuni, kichwa imefungwa, kando ya mahali sanduku litawekwa. Alinishika mkono kwa nguvu.

"Nyieka. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sina kitu kingine. Kuku tatu. Ile dhahabu ya Masara ni hadithi, wewe unajua, yote iliishia kwa dawa." Hakuwa analia. Alikuwa amekauka. "Nikisema si yake, atazikwa na kuku. Watoto wangu wataitwa watoto wa yule alizikwa na kuku. Mimi nitawalipa. Sijui lini, lakini nitalipa. Usiwaache wamwaibishe."

Nilitoka nikaenda nyuma ya jikoni, mahali akina mama wa kikundi walikuwa wanapasua kuni. Nikawaambia vile ameniambia. Nilidhani watanyamaza. Hawakunyamaza.

"Mimi watoto wangu sita nimewaambia kuna nyama mwaka huu," mmoja akasema. "Nimewaambia tangu mwezi wa saba. Hata wamegawana sehemu kwa mdomo, huyu mguu, huyu maini."

"Mume wangu mgonjwa pia," mwingine akasema, pole pole. "Wangu akienda, mtanipa ng'ombe gani?"

Muuza samaki akapasua kuni moja kwa nguvu.

"Mimi namhurumia marehemu. Namhurumia mjane. Lakini hiyo ng'ombe nimeinunua na pesa ya omena zangu zenye sikula. Kwa nini heshima ya wanaume kila siku inapikwa na sufuria ya wanawake?"

Nikasema tu kwamba sioni mahali pa kuketi kanisani Krismasi nikiwa nimeshiba ng'ombe ambayo tumeitoa mikononi mwa maiti. Nikawaambia Krismasi inarudi kila mwaka na mazishi ya mtu ni mara moja. Wakaangalia kuni. Mmoja akasema sawa. Mwingine akasema sawa, kwa kusonya. Muuza samaki hakusema.

Hatujamaliza, kaka mkubwa akaja na wanaume wawili. "Mama za nyumba, tafuteni sufuria kubwa. Hiyo dume itaanguka kesho."

Muuza samaki akasimama, shoka mkononi. "Hiyo ng'ombe, shemeji..."

Akageuka. "Hiyo ng'ombe nini?"

Wote waliniangalia. Nilikuwa mwenyekiti. Niliona mlango wa nyumba iko wazi kidogo, na najua nani alikuwa nyuma yake anasikiza.

"Hiyo ng'ombe ni mkali," nikasema. "Mfunge miguu yote kabla ya kukaribia."

"Asante, Nyar Suna," akasema, akaenda.

Wakaivisha majani kwa pembe, wakaikimbiza hadi mwisho wa shamba na kuirudisha, vijana na marungu wakipiga kelele kufukuza kifo. Mimi nilibaki jikoni, kwa sababu ya imani yangu, na kwa sababu sikutaka kuona. Lakini nilisikia ikilia langoni. Nadhani ilikuwa inamtafuta mtu wake.

Tuliipika sisi wenyewe. Hilo watu huwa hawaelewi nikisimulia. Mama za Krismasi ndio walikata, wakachemsha, wakapakua, na wakapeleka sahani kwa watu ambao hawajawahi kuwaona. Wapishi tulibakiwa na mchuzi. Mimi nilibeba sinia kwenye hema ya wageni, nikamsikia mzee wa kutoka mbali anamwambia mwenzake, mafuta yamemwagika kwa kidevu, "Huyu alikuwa mtu kamili. Angalia ng'ombe yake." Nikainua macho, nikamwona nyieka wangu amesikia. Alikuwa ameketi na wajane wengine, na kwa mara ya kwanza tangu bwanake afe mabega yake yalishuka.

Nikasema moyoni, basi. Imetosha. Watoto wangu watakula omena.

Kama mambo yangeishia hapo, ningekuwa nasimulia hadithi nyingine.

Siku chache baada ya kuzika, wazee waliketi chini ya kivuli ya ghala ili kuongea juu ya mji ya marehemu, vile inafanywa. Sisi wanawake tulikaa pembeni kwa nyasi. Nilidhani itakuwa mambo ya shamba na watoto watasomeshwa na nani. Kaka mkubwa akasimama.

"Nina swali moja tu," akasema. "Mtu haanzi na dume kama ile. Mwenye ana moja ya kuchinja ana zingine za kubaki. Ndugu yangu alichimba dhahabu miaka hiyo yote. Ng'ombe zingine ziko wapi?"

Akamwangalia nyieka wangu.

"Hakuna zingine," akasema yeye.

"Hakuna?"

"Hakuna, yuora, shemeji yangu."

"Ziko kwa baba yako. Umezipeleka huko zifichwe. Ndugu yangu alipoanza kuugua, ukaanza kuhamisha." Sauti yake haikuwa ya kelele, ilikuwa ya mtu wa ofisi. "Basi rudi huko ukakae nazo. Mabati haya yatabaki, shamba itabaki, watoto watabaki. Ukizirudisha, utarudi."

Niliona wazee wanatikisa kichwa, si kwa ubaya, ni vile wamesikia jambo lenye linaingia akilini. Ushahidi wenyewe walikuwa wameula. Nyieka wangu alikuwa na neno moja tu la kumwokoa, na hakulisema. Alinigeukia. Sijawahi kusahau hayo macho. Hayakuwa yananiomba niseme. Yalikuwa yananiambia, nyamaza. Alikuwa tayari kuitwa mwizi, kufukuzwa, kuacha watoto, ili jina ya yule mtu ibaki vile lilivyokuwa siku ya kuzika.

Mtoto wake wa mwisho alikuwa amekaa mapajani mwake, anachezea ushanga. Hajaachishwa ziwa vizuri.

Nikasimama.

"Wazee, mnisamehe. Hakuna ng'ombe kwa baba yake. Hata ile mlikula haikuwa ya marehemu. Ilikuwa ya kikundi yetu, ya kula Krismasi. Tuliinunua kwa pesa ya wanawake, yeye alituletea tu na kutulishia. Alikufa bila ng'ombe yoyote. Huyu hajaficha kitu."

Kisha kijana mmoja nyuma akacheka, ile kicheko inatoka kwa pua, akajaribu kuifanya kikohozi.

Kaka mkubwa alikaa chini pole pole. "Kwa hivyo," akasema, "tumemzika ndugu yangu na ng'ombe ya kuazima. Ya wanawake." Hakuwa ananiuliza. Alikuwa anajisikiliza. Kesho yake alfajiri akarudi kazini bila kuaga, na habari ya kufukuza mjane ikafa yenyewe. Hakukuwa na mali ya kupigania. Hata wale wa ukoo wenye walikuwa wameanza kupita pita hapo wakitaka kumrithi, hawakupita tena.

Alibaki kwa nyumba yake na watoto wake. Na mimi hakunisalimia tena.

Akina mama pia walinijia. Muuza samaki alikuja mpaka mlangoni kwangu, hakutaka kuketi.

"Nyar Suna, wewe mama ya kanisa, nieleze. Kama ulikuwa na mdomo ya kusema, si ungesema kabla ya kisu? Tungekula nyama yetu. Sasa marehemu ameaibika, na nyama imeenda, vyote viwili. Umetuokolea nini?"

Nilimwambia siku ya kwanza kulikuwa na maiti na siku ya pili kulikuwa na mtoto mapajani, na siku moja si nyingine. Akaniangalia kama mtu aliyeuziwa samaki ya jana. Hakurudi kwa kikundi.

Krismasi ikafika, haingojei mtu. Bwana yangu alivuka kutoka Remba, kisiwa huko ziwani alikokuwa anafanya biashara ya omena, na akaleta gunia nusu na mbuta mmoja wa kukaanga. Alisikiliza mambo yote nikimweleza, hakuniambia nimefanya vibaya wala vizuri. Alisema tu, "Yule jamaa tulikuwa tunaswaga naye ndama tukiwa wadogo." Watoto walitoka kanisani na nguo za mwaka uliopita, zimekuwa fupi kwao. Tukala samaki. Kutoka dala ya mbali kulikuwa na harufu ya nyama, na msichana wangu akaweka kijiko chini akauliza, "Mama, hii Krismasi imeisha ama bado inakuja?"

"Imeisha," nikamwambia. "Kula."

Ng'ambo ya ua hapakuwa na moshi siku hiyo. Nilimtuma mtoto na bakuli ya samaki. Ilirudi vile ilienda, imefunikwa.

Kikundi ilibaki na watu nusu, lakini ilibaki. Januari tukakubaliana hatuweki tena kitu yenye miguu. Tutaweka sukari, unga, mchele, mafuta ya kupikia, kidogo kidogo kila wiki, kwa pipa ya chuma nyumbani kwangu. "Vitu ambavyo vikipita kwa lango ya mwanaume havigeuki," mama mmoja akasema, na tukacheka kidogo, kicheko ya kwanza tangu matanga. Nyieka wangu hakuja kwa mkutano hata siku moja. Lakini kila jumapili kulikuwa na mama mwingine analeta mchango wa nyieka, mayai mawili, kikombe ya mtama, na haukuwahi kukosa. Wiki ambazo watoto wake walikuwa wagonjwa, haukukosa. Na kila mara ulikuwa umezidi kidogo. Mwanzoni sikuelewa. Baadaye nikaelewa anajaribu kutulipa dume. Tulikaa sisi wote tukasema deni hiyo haipo, tukamtumia neno. Mchango ukaendelea kuja vile vile, umezidi.

Mwaka ulipozunguka, wiki ya kugawa, walikuja kwangu na mifuko na makarai. Mimi ndiye nilikuwa napima, na gorogoro, ile mkebe ya unga inatumika sokoni. Nilipoinua kichwa nikamwona yeye mwenyewe mwishoni mwa mstari, amesimama na mfuko umekunjwa chini ya kwapa. Alikuwa amekonda. Nilijua kukonda kwa namna hiyo, nilikuwa nimeitazama miezi ile yote kando ya mto.

Zamu yake ikafika. Akafungua mfuko. Nikaingiza gorogoro kwa unga, nikaijaza mpaka ikafanya kilima juu, nikabonyeza, nikaongeza tena. Wengine walikuwa wanaona na hakuna aliyenung'unika.

Alishika mkono wangu. Siyo kwa nguvu, hakuwa nayo.

"Pima kama wengine," akasema.

Ilikuwa neno la kwanza kwa mwaka. Nilitaka kumwambia mambo mengi. Nilitaka kumwambia watoto wako bado wako nawe. Alikuwa anangoja, mfuko umefunguliwa.

Nikasawazisha kwa kiganja, kilima ikarudi ndani ya pipa. Nikamwagia yake, sawa na ya mtu yeyote. Akaifunga, akaiweka kichwani, akaenda.